Mashine Iliyokuwa Ikizimika Uwanjani

Shemeji yangu aliimezea mate ile mashine tangu siku ya mazishi. Watu bado wanakunywa chai uani, yeye keshafika stoo, anapiga piga matairi. Ni mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia kama kitrekta, na mume wangu aliitumia kukata uwanja wa mpira. Alipokufa nikapanda mimi. Miaka yote nilikuwa nyuma yake na reki nakusanya majani, kila kona ya uwanja naijua. Shemeji akasema mwanamke juu ya mashine ni kichekesho. Nikamwambia acheke basi, meno si anayo.

Kasheshe ni kwamba mashine yenyewe ilianza kunitia aibu. Inawaka vizuri, inakata mistari michache, halafu inakohoa, inakosa nguvu, inazimika katikati ya uwanja. Ukiiacha ipumzike inawaka tena, kisha mchezo uleule. Msimamizi wa uwanja akanichoka. Akasema mchana wa leo akute pamekatwa pote, la sivyo kazi anampa shemeji, ambaye alishamnong'oneza kwamba mimi naiua mashine. Na kazi ikienda, nami nafungasha virago, maana nyumba ni ya mama mkwe, na damu zetu hazijawahi kuendana. Tangu mazishi tunapishana sebuleni kama wapangaji.

Shemeji akaja asubuhi hiyohiyo, eti kunisaidia. Mama mkwe akamfuata, akakaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, mkoba mapajani.

"Plagi hiyo," shemeji akasema, akaifungua. Safi. Akaifuta na shati hivyo hivyo ili asionekane kakosea. Akahamia kwenye chujio la hewa, akalikung'uta, hata vumbi halikutoka. Alipoisogelea kabureta na bisibisi nikamshika mkono.

"Hiyo usiguse, shemeji."

"Wewe unajua nini? Reki?"

"Najua ingekuwa kabureta, ingesumbua tangu kuwaka."

"Injini imekwisha hii. Niachie mimi kabla haijawa chuma chakavu."

"Utaipata nikiwa nimekufa."

"Mpishe mwenzio afanye kazi," mama mkwe akasema kutoka kwenye benchi. Sikujua anamwambia nani, na sikutaka kujua.

Nikaiwasha, nikaiacha iungurume, nikasimama kando nimekunja mikono. Nikiwa na hasira ndipo akili yangu inafanya kazi. Kitu kinachoishiwa nguvu taratibu, kikipumzika kinazipata, hicho kina njaa tu: mafuta hayashuki. Ilipoanza kukohoa nikafungua mfuniko wa tangi. Sikuwahi kuufungua, maana ufunguo wa stoo anao mama mkwe, na mafuta anajaza mwenyewe jioni kwa madai kwamba mimi namwaga.

Chini ya mfuniko palikuwa na kipande cha nailoni, kimeubana mdomo wa tangi na kufyonzwa ndani hadi kimebonyea. Nikakichomoa. Hewa ikaingia fyuu, injini ikajikohoza mara mbili, ikashika mngurumo wake. Ukitoboa kopo la mafuta ya kupikia tundu moja tu, si yanagoma kutoka? Ndiyo hivyo. Mfuniko ule una kitundu cha kupitishia hewa, na mtu alikuwa amekiziba.

Nikamgeukia shemeji na nailoni mkononi. Msimamizi naye alikuwa ameshafika, kasimama kwenye mstari wa goli. Vizuri, nikasema moyoni, asikie.

"Kumbe ndiyo kazi yako. Unaziba usiku, asubuhi unakuja na bisibisi. Ndugu yako hata kaburi halijakauka, unataka kunitoa nyumbani kwa kipande cha mfuko. Huna haya hata chembe."

Shemeji akaduwaa.

"Naziba mimi," mama mkwe akasema.

Nikadhani anamkingia kifua mwanawe. Lakini alikuwa ameinuka, anakuja taratibu huku anakanyaga majani mabichi.

"Ili mafuta yasipotelee hewani. Chupa ya mafuta ya taa naziba, chai kwenye chupa naziba, na hilo tangi naziba kila jioni, miaka yote."

"Miaka yote? Mbona mume wangu haikumzimikia hata siku moja?"

"Alikuwa anaitoa nailoni kila asubuhi. Anadhani sijui." Akaitazama ile nailoni, hakuninyang'anya. "Jioni naweka nyingine. Hakuwahi kuniambia niache."

"Sasa mimi ungeniambia, mama."

"Tunaongea sisi?"

Nikaikunja ile nailoni, nikaitia mfukoni.

"Inakata au haikati?" msimamizi akauliza.

Nikapanda, nikakata. Uwanja wote, goli hadi goli, haikukohoa tena, na kazi ikabaki yangu. Nilikata huku nalia kwa hasira. Hasira yangu kwa shemeji ilikuwa imeshaniishia, na kwa yule mama nayo ilikuwa inapungua. Iliyobaki ilikuwa kwa mume wangu, aliyeamka kila asubuhi kabla yetu akatupatanisha kimyakimya, hadi tukasahau kwamba hatujawahi kupatana.