Majina ya Watu wa Barabara

Neno lenyewe Chirau hakulisema kwa sauti. Alimnong'onea Mzee Mwero sikioni, mithili ya mtu anayetaja ugonjwa wa aibu: "Ukiwasemea vibarua, utaitwa mkomunisti."

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Tume iliyozunguka ikisikiliza maoni juu ya pensheni ilikuwa imefika Msambweni, na Chirau, karani wa ujenzi, alikuwa amekwisha kuliona jina la Mwero katika orodha ya watakaolipwa uzeeni. Mwero, kwa kuwa alikuwa nyapara, alihesabiwa mwajiriwa wa kudumu. Watu wake kumi na wanne, walioponda mawe na kuishindilia barabara ya Likoni kwa miaka ishirini, waliitwa vibarua hadi leo.

"Jina lako limeandikwa kwa penseli, mzee wangu," Chirau aliongeza. "La penseli hufutika."

Maisha yake yote Mwero alikuwa mtu wa kuitikia. Mzungu alipomwita mtiifu, alilivaa jina hilo kama nishani. Sasa, akiwatazama wenzake walioketi nyuma kabisa ya ukumbi, magoti yamewavimba, aliona haya kuwa aliwahi kulivaa.

Akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, mimi nimo katika orodha yenu, nami nashukuru. Lakini barabara sikuijenga peke yangu. Pensheni isiyowajua wale pale nyuma, siwezi kuiita yangu."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akavua miwani. "Hayo ni maneno ya wakomunisti, mzee. Wewe ni mmoja wao?"

Mwero aliwanyoshea mkono wenzake walioketi nyuma.

"Jina hilo silijui, bwana, kwa hiyo silidai wala silikani. Mimi ni mtu wa barabara. Mmefika hapa na masika haya, na gurudumu lenu halikuzama. Ni kazi ya hawa."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama gari lake dirishani, kisha akamgeukia karani wa tume.

"Waandike majina. Siahidi kitu."

Wakaja mbele mmoja mmoja, nao Mwero akasimama kando ya meza, kifua mbele, kama baba anayemwoza binti yake. Wa kwanza alikuwa Randu, ambaye baruti ya machimboni ilimziba sikio moja.

"Randu wa Mwinga wa Kenga," akajitaja.

"Jina moja latosha," alisema karani.

Randu akamgeuzia sikio zima, akamwomba arudie. Alipokwisha kusikia, aliweka viganja vyake vyenye sugu juu ya meza.

"Andika yote, mwanangu. Nitangoja."