Mkono Mkavu

Kaka yake mkubwa alianza na kidole gumba cha mguu. Kidonda kidogo kama punje ya mtama, akakiita kijipele, akakipaka mafuta. Kijipele kikala kidole, kidole kikafuatwa na unyayo, na madaktari wakakata hadi chini ya goti. Hata hivyo hakupona. Siku ya mazishi mdogo wake alishika jeneza upande wa miguu, akauhisi wepesi ule mikononi mwake. Wepesi huo ulikuwa haujamtoka bado.

Mdogo mtu huyo ndiye waliyemwita Mpambaji. Katika kiwanda cha mikate alichofanyia kazi tangu ujana, keki ya harusi haikutoka mlangoni kabla hajaivisha maua ya sukari. Kazi yake ilikuwa ya kusimama, asubuhi hadi jioni, mguu huu ukichoka anauegemea ule. Mtu wa mguu mmoja hapambi keki.

Mazishi yalipopita, shemeji yake alimpa mfuko mdogo wa kitambaa.

"Chukua, shemeji. Mimi nikiviona hivi silali. Nyinyi damu yenu ni moja. Jipime."

Mfukoni mlikuwa na kipimo cha sukari cha marehemu, vijiti vya kutilia damu, visindano, na kichupa cha vidonge vya kushusha sukari, kimefika nusu.

Nyumbani hakuthubutu kujipima. Mkewe alikuwa mtu wa kusikia sisimizi akipita juu ya mkeka. Akakibeba kipimo kazini, na wenzake walipokwenda kunywa chai akajifungia stoo, akaketi juu ya gunia.

Hapa lazima jambo moja lifahamike. Mpambaji wa keki haguswi na maji akiwa kazini. Tone moja la maji likiangukia ua la sukari, ua linalia kama mtoto, linayeyuka. Kwa hiyo mafundi wa kazi hiyo hawanawi katikati ya kazi. Hujipaka sukari ya unga vidoleni ili donge la sukari lisinate, kisha hujifuta kwa aproni. "Mkono mkavu," Mpambaji alizoea kuwaambia waliojifunza kwake, "mkono mkavu ndiyo usafi wa fundi." Basi akajifuta kidole kwa aproni vizuri, kama fundi, akajitoboa, akagusisha tone la damu kwenye kijiti.

Kipimo kikasoma 14.8.

Moyo ulimpiga paa! Alikumbuka maneno ya marehemu: "Ikivuka kumi na moja, mdogo wangu, ujue nyumba inaungua." Akarudia siku ya pili. 15.3. Siku nyingine, 13.9. Hapo akaanza kuuona ugonjwa kila mahali. Kiu aliyoizoea miaka yote kwa sababu ya joto la tanuri ikawa dalili. Kwenda haja ndogo, dalili. Jioni alivua viatu na kukagua vidole vyake kimoja kimoja kwa tochi, mlango wa chumba ukiwa umefungwa.

"Baba watoto, unatafuta nini miguuni?" mkewe aliuliza nje ya mlango.

"Mwiba."

"Mwiba wa wapi, mjini hapa?"

Akazima tochi. Akaacha chai ya sukari, akaacha mkate, mwishowe akaacha karibu kila kitu. Mkewe akimwandalia, alisema amekula kazini. Kazini alisema amekula nyumbani. Suruali ikaanza kumteremka.

"Mpambaji!" alipiga kelele fundi wa tanuri, mtu wa maneno mengi aliyefanya naye kazi tangu wote wawili wana nywele. "Mkanda umefika tundu la mwisho. Ukikonda zaidi tutakuchomeka juu ya keki kama bwana harusi!"

Watu wakacheka. Naye akacheka, huku akiipandisha suruali. Hata marehemu alianza kwa kukonda.

Ndipo akavikumbuka vile vidonge. Alijiambia kwamba damu ni moja, ugonjwa ni mmoja, basi dawa nayo itakuwa moja. Asubuhi iliyofuata, mkewe akiwa uani, alimeza kimoja kwa maji matupu, akaenda kazini bila kutia kitu tumboni.

Siku hiyo kulikuwa na keki kubwa ya harusi. Kabla jua halijapanda sana, mkono ulianza kumtetemeka. Ua likamvunjikia, la pili likamvunjikia. Kijasho chembamba kikamtoka mgongoni, tena cha baridi, na tanuri linawaka pale pale. Midomo ikafa ganzi. Akajua: ndiyo yenyewe, imepanda, inanimaliza.

Akajikokota hadi stoo. Akafuta kidole kwa aproni. Mara mbili sindano ilikosa kidole, ya tatu ikapata.

16.9.

Akakitoa kichupa mfukoni, akameza kidonge kingine. Alitaka kusimama, lakini rafu za stoo zikaanza kuzunguka kama zimepakiwa kwenye gurudumu. Alichosikia mwisho ni mlango ukigongwa, na sauti ya fundi wa tanuri ikisema, "We mzee, umelala na magunia?"

Alipozinduka nusu, alikuwa zahanati ya jirani, amelazwa ubavu kitandani. Maneno yalimfikia kutoka mbali kama kutoka chini ya kisima. Mtu alikuwa akimsugua kidole kwa kitu chenye maji. Akahisi kuchomwa.

"Mbili nukta moja," alisema nesi. "Leteni maji ya sukari, haraka."

"Sukari?" Fundi wa tanuri aliruka. "Dada, unamuua! Nimekikuta kipimo mkononi mwake, kimeandika kumi na sita!"

Mpambaji alisikia, na hofu ikampa nguvu ambayo hakuwa nayo. Kikombe kilipofika midomoni akafunga meno. Utamu ulimgusa ulimi, akautema. Aliuona mguu ukipanda kwenye meza ya madaktari. Alitaka kupiga kelele kwamba wanamzika, lakini ulimi ulikuwa mzito kama nyama ya mtu mwingine.

"Baba, nitazame," nesi alisema, akimshika kidevu. "Nitazame mimi. Kidole chako kilikuwa na sukari ya keki. Kile kipimo kimepima kidole, hakikupima damu. Huna sukari mwilini. Usipomeza sasa hivi unakwenda. Meza, baba yangu."

Hakuelewa vyote. Alielewa "baba yangu". Akafungua meno.

Nesi, aliyekuwa amekiona kichupa cha vidonge mfukoni mwake, akampeleka hospitali, maana dawa ile, alieleza, haiishi mwilini upesi. Inaweza kumrudisha shimoni baada ya saa kadhaa. Alilazwa hadi kesho yake, na kila walipompima, walimfuta kidole kwanza. Fundi wa tanuri aliishika ile aproni iliyokuwa nyeupe kwa sukari, akatikisa kichwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mkewe alikaa kando ya kitanda, mkoba mapajani. Aliambiwa habari za vidonge. Akaufungua mkoba, akaufunga tena.

"Ulikuwa unaniambia mwiba," alisema hatimaye.

"Niliogopa, mama watoto."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nadhani una mwanamke huko. Nikasema afadhali hilo kuliko ugonjwa. Kukonda kule nilikuona kwa kaka yako marehemu."

Vidonge vilivyobaki nesi alivichukua. Daktari akasema wasubiri mwili utulie, ale kama watu, kisha ajipime asubuhi kabla ya kula, na arudi kwa kipimo cha maabara. Hakuahidi kitu. "Kaka yako alikuwa na kisukari," alisema. "Hilo halifutiki kwa aproni."

Asubuhi ya kupima ilipofika, mkewe alileta beseni la maji ya vuguvugu na sabuni. Mpambaji alinawa hadi viwiko. Akanawa tena. Mkewe akamkausha kidole kwa kidole kwa taulo safi.

Aliogopa kuliko siku ile ya stoo. Wakati ule angeweza kudanganywa. Sasa mikono ilikuwa safi, na kitakachosomwa hakina pa kusingiziwa.

"Ngoja," alisema.

"Nimengoja mwezi mzima."

Akatoboa. Tone likatoka jekundu, dogo. Walitazama pamoja, vichwa vimegusana.

6.6.

"Ni mbaya?" mkewe alinong'ona.

"Si nzuri. Marehemu alisema chini ya sita. Daktari anasema saba ndiyo mlango wenyewe."

"Kwa hiyo tuko barazani."

"Tuko barazani."

Mkewe akaenda kumwaga maji ya beseni. Mpambaji alibaki ameketi, ametazama miguu yake miwili chini ya meza, akaikanyagisha sakafuni, mmoja, kisha mwingine, kuhakikisha inasikia baridi.