Mwaka wa Sahani Tupu

Kiganja cha Kokila kilijaa chumvi, na jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Médiatrice alikuwa ameshuka uani kuchota maji. Kwenye jiko, sufuria ndogo ya Guruji ilikuwa ikitokota dengu taratibu. Kokila hakusita. Aliimimina chumvi yote, akakoroga mara tatu, akarudisha kifuniko, akajifuta mkono kwenye pindo la sari na kutoka. Usimwonee huruma. Mwenyewe hakuwa nayo asubuhi ile.

Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyekuwa akimpikia Guruji, mwalimu mzee wa Kihindu aliyeishi katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura. Alianza akiwa mjane wa miezi miwili, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kugusa mwiko wake. Aliwafukuza wake za wenye maduka, akawafukuza na binti zao; huyu alipika akipiga soga, yule alivaa pete. Aliyebisha alikumbushwa mwaka ule wa kwanza. Desturi ni kwamba mwalimu hubakiza chakula kidogo, na masalio hayo hugawiwa waumini, chembe moja moja kiganjani, kuwa baraka. Lakini mwaka wa kwanza wa Kokila, Guruji hakuacha hata punje. Kila Jumapili waumini walirudi nyumbani mikono mitupu wakinung'unika, naye akipita katikati yao kifua mbele. Baadaye mzee alianza kubakiza tena, kidogo kidogo, na Kokila akajifariji kwamba ni uzee tu.

Sasa, ati Médiatrice! Muuza mboga wa Kanyosha, aliyekuja siku moja kuleta bilinganya akabaki kusikiliza nyimbo za ibada. Kwa miaka sita alifagia ngazi na kupanga viatu vya waumini mlangoni, na hakuna aliyemtia maanani. Wiki iliyopita Guruji alimwita Kokila, akamwambia kwa sauti yake ile ile ya siku zote kwamba apumzike. Jumapili atapika Médiatrice. Kokila aliinama, akagusa miguu ya mwalimu, akatoka ameuma meno. Wiki nzima alipita duka hadi duka akieneza maneno. Mikono ile imezoea kupembua ndagala, vile visamaki vya ziwani, alisema. Ukiisogelea bado inanuka shombo. Ulikuwa uongo mtupu, kwani Médiatrice hakuwa amegusa samaki kwa miaka sita, tangu aingie katika ibada hii isiyokula nyama wala samaki. Kokila alilijua hilo, na alisema vivyo hivyo.

Wala chumvi hakuichagua ovyo. Chakula cha mwalimu hutolewa kwanza kwa Mungu, na mpishi haruhusiwi kukionja kabla ya hapo, hata kwa ncha ya ulimi. Médiatrice, mshika desturi kuliko wote, asingeonja. Guruji angeisukuma sahani pembeni mbele ya ukumbi mzima, masalio yangegawiwa, kila mtu angekunja uso, na muuza mboga angerudi kwenye ufagio wake. Hesabu ya Kokila ilikuwa rahisi.

Saa saba mchana ukumbi ulijaa. Médiatrice alileta sahani kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaiweka mbele ya mzee. Kokila alikuwa amekaa mstari wa mbele kusudi, asije akakosa kitu. Guruji alichanganya wali na dengu kwa ncha za vidole, akatia kinywani. Akatulia. Kokila aliliona koo lake likisita, kisha likameza.

Haya, isukume, alisema moyoni. Isukume basi.

Mzee akala tonge la pili, na la tatu. Aliomba maji, akanywa bilauri nzima, akairudia sahani. Machozi yalimlengalenga, aliyapangusa kwa mgongo wa mkono, akaendelea bila haraka, kama mtu aliyepewa kazi na anataka kuimaliza. Akaomba maji tena. Mwishoni aliipangusa sahani kwa kipande cha chapati, akakila na hicho.

Waumini walikuwa wameshajipanga, viganja wazi. Guruji aliwaonyesha sahani.

"Leo sikubakiza kitu," alisema. "Mnisamehe."

Minong'ono ikapita ukumbini, ya sifa na ya wivu. Mwenye duka la vitambaa alimgeukia jirani yake, akasema jambo hili halijaonekana tangu mwaka wa kwanza wa Kokila.

Hapo ndipo Kokila alipoikumbuka sahani ile ile, tupu namna ile ile, na mikono yake yeye ikiipokea. Alimkumbuka mjane asiyelala, aliyesimama mbele ya jiko akilia, asiyejua ametia nini na nini bado, akirudia kutia kile alichokwisha kutia. Na maji. Mwaka ule pia mzee alikuwa akiomba maji, bilauri baada ya bilauri, naye akidhani ni joto la Bujumbura. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima, na hakukuwa na mahali pa kuiweka. Alimtazama Guruji, akitamani angalau amkaripie. Guruji alikuwa akimrudishia Médiatrice sahani na kumshukuru.

Kokila alimfuata Médiatrice jikoni, akamkuta amesimama na furaha ambayo hakujua aifiche wapi. Maneno ya ndagala yalikuwa yamemfikia, bila shaka. Hata hivyo, hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Mama Kokila, usikasirike," alisema. "Mi nataka kujifunza tu. Ule mwaka wako wa kwanza, wakati alikuwa anamaliza yote, ulikuwa unatia nini?"

Kokila aliichukua sahani mikononi mwake, akachuchumaa kwenye beseni, akaiosha upande mmoja, kisha wa pili. Ilikuwa kazi ambayo kwa miaka kumi na minne aliwaachia wengine.

"Chumvi," alisema.

Médiatrice alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akauona uso wa yule mama, akaacha kucheka. Aligeuka polepole kuelekea kwenye jiko, akaifunua ile sufuria ndogo, akachovya kidole pembeni, mahali dengu zilipogandia. Chakula kilikuwa kimeshatolewa kwa Mungu. Sasa kuonja kuliruhusiwa.

Kokila alibaki amechuchumaa na sahani mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akamngoja aonje.