Kabla ya Namba Kumi na Nne

Mimi nina kinyongo, na sioni haya kukisema. Nimekilea miaka kumi na mmoja, tangu siku Wendell Strayer alipoketi jikoni kwa bibi yangu Ludmila hapa Cleveland, akala pierogi zake, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, akazisifu, kisha akamsainisha karatasi za kuuza nyumba kwa bei ya gari bovu. Bibi alikuwa ametoka hospitali juzi yake, dawa zimemlevya. Alifia kwenye makao ya wazee, akiuliza kila siku watamrudisha lini kwake.

Nilikwenda kumwomba Strayer kazi makusudi, nizijue njia zake. Alinunua nyumba chakavu, akazipaka rangi ya kijivu, akaziuza mara tatu ya bei, nami nikawa fundi wake wa jipsamu, zile bodi za kufunikia kuta. Kila nilipomwita ashuke chumba cha chini ya nyumba aone msingi, alibaki juu ya ngazi na kahawa yake. "We Darlene, funika tu. Mnunuzi anaangalia jiko." Nilifunika, nikala mshahara wake, na dhambi hiyo ni yangu pia.

Mwaka huu mtu aliyeinunua nyumba ya bibi kwa Strayer alinyang'anywa na benki, ikaletwa kwenye mnada wa kaunti: namba kumi na nne. Ni nyumba ya familia mbili, moja juu ya nyingine. Niishi chini, nipangishe juu, kodi ibebe gharama. Ndivyo watu wa mtaani kwetu wanavyoanza. Nilikuwa na hundi za benki za dola elfu thelathini na nne, akiba yangu yote. Strayer huja na za elfu themanini kila mnada, na hujigamba nazo. Pale unalipa siku hiyohiyo, na nyumba huruhusiwi kuingia kuiangalia.

Nikapitia orodha. Namba tisa niliifahamu, maana niliifunika mwenyewe kwa amri ya Strayer miaka minane iliyopita. Nyuma ya jipsamu yangu ukuta wa msingi umefura, na ufa wake unameza mkono.

Dalali alipoitaja, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Strayer akageuka, akacheka.

"Mama fundi! Umetajirika lini?"

"Nilifundishwa na bingwa."

"Bingwa hajastaafu. Nyumba hii nimeitengeneza kwa mikono yangu, naijua nje ndani."

"Mikono yako? Ulishika nyundo siku gani, Wendell?"

Watu wakaangua kicheko. Uso wake ukaiva kwa hasira, nami nikajua nimempata.

Thelathini. Arobaini. Hamsini. Nilikuwa nataja pesa nisizokuwa nazo. Angenyamaza tu, ningeshindwa kulipa, ningefukuzwa, na namba kumi na nne ingeuzwa nikiwa barabarani. Nikataja sitini na tano.

Dalali akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Nilijilazimisha kumtazama Strayer na kutabasamu.

"Pumzika, mzee. Waachie wanawake."

"Sabini!" akafoka.

Nikashusha mkono.

Namba kumi na nne ilianzia elfu ishirini. Strayer alichungulia bahasha yake ya hundi, zilizobaki hazikufika, akaifunga. Mwanamke mmoja alishindana nami kidogo, kisha akaacha. Niliipata kwa thelathini na moja, nikaenda kulilia chooni.

Wiki iliyofuata simu ya Strayer iliita nikiwa jikoni kwa bibi, nakwangua rangi ya kijivu kwenye makabati.

"Darlene, fundi wa msingi kabomoa ile jipsamu kule chini ya namba tisa. Ukuta mzima unaingia ndani! Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuita ushuke uone, ukabaki na kahawa yako."

"Hakuna atakayeinunua hivi. Hela yangu yote iko humo." Alikuwa anahema. "Wewe ndiye uliyeufanyia kazi ukuta huu. Niambie basi, nifanyeje?"

Nikaweka kikwangulio chini. Nilitaka kulisikia swali hilo vizuri, hapo hapo alipokalia kiti cha bibi na kumsifia chakula. Sikumwonea huruma hata chembe.

"Funika tu, Wendell," nikamwambia. "Mnunuzi anaangalia jiko."