Oili Chini ya Moris

Podimenike alikuwa na ombi moja, na mtu wa umri wake hakataliwi: afike Anuradhapura, kwenye Mti Mtakatifu wa Mabudha, macho yake yangali yanaona. Tena afike kwa Moris, lile gari kuukuu la marehemu mumewe. Ukimtajia basi, husema linamtapisha. Ukimtajia gari la kukodi, anageukia ukutani.

Mwanawe Gunadasa, karani mstaafu wa reli, angempeleka hata kesho, ila Moris ilikuwa inavuja. Kila asubuhi palikuwa na dimbwi jeusi chini ya injini, na kwenye vilima vya kwao Gampola klachi ilishaanza kuteleza kwa kulowa oili. Kumpakia mama mzee humo, safari ya siku nzima, ni kutafuta makubwa.

"Inatokea nyuma, kwenye krenki, ndani kabisa," alimwambia jirani yake Nizamdeen, aliyekuwa na Moris ya rika lile lile. "Injini lazima ishushwe. Na ikishushwa hapa, mvua zitatukuta."

"Nani kakwambia? Oili haina adabu, bwana. Inatoka juu, inapeperushwa na feni, inakwenda kudondokea nyuma. Wewe unamkamata aliyekutwa na mzigo, mwizi yuko zake juu anakucheka. Osha kwanza."

Wakaiosha injini kwa mafuta ya taa, wakaikausha, wakainyunyizia poda ya watoto mpaka ikawa nyeupe pe. Panapovuja, poda hulowa. Wakazunguka na gari hadi sokoni na kurudi, wakaacha boneti wazi ipoe, wakaingia ndani kunywa chai na kiribath iliyobaki, ule wali wa nazi wa sikukuu, maana ilikuwa wiki ya mwaka mpya wa jadi.

Walipotoka, poda imelowa juu kabisa, kwenye kava la valvu. Gunadasa alifurahi kama aliyeokota pesa. Akabadilisha gaskiti, ile karatasi ngumu ya kuziba chini ya kava, wakaosha, wakapaka poda, wakazunguka, wakanywa chai. Pale pale pamelowa tena.

"Gaskiti uliikata kwa meno?" Nizamdeen akauliza.

Gunadasa akakata nyingine, safari hii akipima kwa rula. Ikawa yale yale. Ndipo Nizamdeen akatia kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Guna, gari lako linavuja dawa."

Kweli, yalinukia mitishamba, yale mafuta ya hekaluni ambayo kila mwaka mpya watu wa nyumba hupakwa kichwani.

"Mnanusanusa nini?" Podimenike akasema kutoka barazani. "Nimelipaka mimi."

"Umelipaka, mama?"

"Nyumba nzima imepakwa, hili si la nyumba hii? Nawaona mnaliogesha, mnalipaka poda, halafu mnaliacha hivyo hivyo. Nani anaogesha mtoto asimpake mafuta?"

Nizamdeen alicheka hadi akakaa chini. Gunadasa alitaka kukasirika, maana gaskiti mbili zilikwenda bure, lakini alipomwona mama yake ameshika kile kichupa kwa mikono miwili, hasira ikamwishia mdomoni. Akamshika bega, akamwomba asubiri kidogo tu, gari lipone kwanza.

Waliporudia kazi, juu kukabaki kukavu. Mchirizi ulitokea ubavuni, nyuma ya bomba la moshi, kwenye kifuniko kisichozidi kiganja. Kilikuwa kimepinda. Mwaka uliopita Gunadasa alikaza boliti yake kwa nguvu zake zote.

"Ulikuwa unafunga jela?" Nizamdeen akamwuliza.

Wakakinyoosha kwa nyundo taratibu juu ya jiwe, wakakata gaskiti mpya, wakakaza kwa spana iliyoshikwa kwa vidole viwili tu. Asubuhi yake chini palikuwa pakavu, na injini haikushushwa. Gunadasa alimkumbatia Nizamdeen pale pale barabarani, na hakuona haya.

Walifika Anuradhapura jua likiwa limeinama. Gunadasa alichungulia chini ya gari: vumbi tupu. Moyo wake ulijaa. Alijiona mtoto mwema, aliyemtimizia mama haja yake ya mwisho. Akamshika mkono hadi kwenye Mti, akaweka maua, akamwacha asali. Mama hakukawia.

"Umeomba nini, mama?"

"Sijaomba kitu. Ulipokuwa mchanga ulishikwa na degedege. Baba yako alikukimbiza hospitali Kandy kwa gari hili, mvua inapiga, macho yako yamegeuka meupe. Mimi kiti cha nyuma nikauahidi Mti: mwanangu akipona, na gari hili lisizime mlimani, nitawaleta wote wawili kushukuru. Kisha zikaja kazi, ikaja vita, baba yako naye akatangulia."

Gunadasa akamwinamia miguuni, machozi yakimtoka.

"Wewe ulidhani umenileta," akasema Podimenike, akimfuta mwanawe uso kwa pindo la sari. "Ni mimi niliyewaleta."