Mama Mkwe Alipolala Dukani

Hakuna aliyetegemea kwamba mtu anayeitwa Kimya angeweza kuuza kitu, na mwenyewe alilijua hilo. Miaka mingi alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nyuzi, kazi isiyohitaji maneno kwa sababu hata ukisema hakuna anayesikia. Kiwanda kilipofungwa, yeye na mkewe walihamia kwa mama mkwe "kwa muda kidogo." Muda huo ulikuwa umeshaota ndevu.

Mama mkwe hakuwahi kulalamika. Aliwaachia chumba chake, yeye akahamia sebuleni. Ila kila asubuhi alipita mezani mkwewe akiwa anakunywa chai na kusema, bila kumtazama mtu, "Jua limeshatoka." Alivyolisema, ungedhani jua lenyewe lina ajira.

Basi duka la magodoro lilipomwita Kimya akafanye siku moja ya majaribio, mkewe, ambaye ni msusi, alimpigia shati pasi mara mbili.

"Ukikwama, ongea," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote. Nani ananunua kwa bubu?"

Msimamizi wa duka alikuwa mwanamke mwenye shada la funguo kiunoni na macho ya mtu aliyekwisha kuona waombaji kazi wa kila sampuli. Akamtembeza: sponji huku, springi kule, mito nyuma, plastiki zisitolewe isipokuwa kwenye magodoro ya maonyesho.

"Mteja akitaka kujaribu, mwache alale. Avue viatu tu. Mimi nitakuwa kaunta nakutazama. Usinijali."

Si rahisi kutomjali mtu anayekutazama, lakini Kimya alijitahidi.

Asubuhi ilijikokota. Mteja wa kwanza aliuliza njia ya kwenda benki. Wa pili alibonyeza godoro kwa kidole, akasema "Mmh." Kimya naye akasema "Mmh." Wakaelewana, mteja akaenda zake. Kule kaunta msimamizi akakohoa.

Ndipo akaingia mama mkwe.

Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea, mkoba kwapani. Kimya alihisi moyo umemshuka hadi kwenye soksi. Mama mkwe akamtazama kama mtu asiyemjua kabisa.

"Habari za kazi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Natafuta godoro."

Kimya akaelewa. Hakuja kama mama mkwe, kaja kama mteja, yaani kaja kama mpelelezi. Na akimtambulisha kwa msimamizi, itaonekana kaleta ukoo kazini siku ya kwanza. Akaamua kuufuata mchezo.

"Ni la kulalia nani, mama?"

"La kwangu."

"Huwa unalala chali au ubavu?"

Hili si swali la mkwe kumuuliza mama mkwe. Kimya aliliuliza akiutazama mto.

"Silali," alijibu.

"Hulali?"

"Nalalia kochi, na lina mbao katikati. Mbao yenyewe inanichoma hapa." Akajigusa ubavuni.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nipate wageni."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayemweleza daktari. Kochi lile Kimya alilikalia kila jioni, akanyoosha miguu, akaliona zuri. Hata siku moja hakujiuliza mama mkwe analalaje juu yake. Aibu ikampanda hadi masikioni, na hapakuwa na mahali pa kuiweka, kwa hiyo akafanya kazi.

Akampeleka kwenye springi. Springi zikalia. "Hili lina domo," akasema mama mkwe. Akampeleka kwenye sponji laini. "Hili linameza. Nikifia humu mtanitafuta." La tatu, gumu kiasi, lilikuwa dirishani. Kimya akatandika shuka safi juu yake, akachagua mto, akainama kuvipokea viatu vyake na kuvipanga vizuri chini.

"Usiharakishe, mama. Godoro halijulikani kwa kukaliwa."

Mama mkwe akajilaza kiubavu, mkoba kifuani. Kimya akasogea kando kumpa nafasi. Aliporudi, alikuta kalala fofofo. Hakuwa anajaribu tena, alikuwa kalala kwelikweli, na mkoromo wake ulikuwa wa chini, wa mfululizo, kama mashine iliyotiwa mafuta. Kimya aliusikiliza kifundi, akaona hauna kasoro.

Msimamizi akaja funguo zikilia. "Huyo mteja kalala."

"Ndiyo."

"Utamwamsha?"

Kimya alijua kwamba anayeitaka kazi angesema ndiyo.

"Hapana," akasema. "Hajapata usingizi siku nyingi. Na ulisema akitaka kujaribu, nimwache alale."

Msimamizi akamkazia macho. "Nilisema," akakubali, akazishika funguo zake zisilie, akarudi kaunta.

Haukupita muda, wakaingia wachumba wawili wakibishana juu ya ukubwa wa kitanda, kila mmoja akimpandishia mwenzake sauti. Kimya akaweka kidole mdomoni.

"Samahani. Kuna mteja."

Wakanyamaza. Na hapo ile sauti ndogo ya Kimya, iliyokuwa ikihesabiwa kilema tangu utotoni, ikapata siku yake. Akawaeleza habari za sponji kwa kunong'ona, lipi linabonyea baada ya mwaka na lipi linavumilia, nao wakamwinamia wasipitwe na neno.

"Na lile?" binti akauliza, akilionyesha godoro alilolalia mama mkwe.

"Lile lina mtu."

"Si ndiyo maana nalitaka."

"Yapo mengine kama hilo stoo."

"Na yote yanalaza hivyo?"

Kimya akafikiri. "Inategemea umechoka kiasi gani."

Kijana akacheka, akajiziba mdomo. Wakanunua la stoo, kubwa, alilotaka binti. Kimya akalibeba kichwani hadi kwenye gari lao, akalifunga kamba. Aliporudi alimkuta mzee mmoja akinyata kati ya vitanda, viatu mkononi, akitafuta mto. Naye akauziwa kwa minong'ono.

Lori lilipopiga honi barabarani, mama mkwe akaketi, akarekebisha kilemba.

"Sikulala," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ndiyo, mama."

"Ni godoro zuri la kufikiria." Akavaa viatu. Msimamizi alipouliza kama wamfungie, akajibu, "Nitarudi na mkwe wangu, yeye ndiye mwenye mabega. Na huyu wenu anaijua kazi. Hapayuki." Akatoka bila kugeuka.

Wakati wa kufunga, msimamizi alimwambia Kimya aje Jumatatu, na aje na chakula chake, maana hapo jirani wanapunja.

"Asante, bosi. Ila kuna jambo. Yule aliyelala ni mama mkwe wangu."

Msimamizi akaacha kufunga kufuli. "Ulimleta wewe?"

"Alijileta."

"Na huyo mkwe mwenye mabega?"

"Ndiye mimi."

Msimamizi akamalizia kufuli, akalivuta kuhakikisha. "Mama yako mkwe Jumamosi huwa ana shughuli?"

Kimya aliahidi kuuliza, ingawa hakuwa na haraka ya kuuliza. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe kwamba kazi kaipata. Mkewe akapiga kigelegele, na kabla hakijaisha Kimya alikuwa keshaanza kuhamisha vitu: shuka zao, nguo zao, sanduku la vifaa vya kusukia, vyote kutoka chumbani hadi sebuleni. Mkewe alipouliza kulikoni, akamweleza habari za mbao. Mkewe akabeba mito.

Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani kakuambia silali?"

"Mteja mmoja, mama."

"Wateja wana maneno mengi," alisema, akaingia chumbani kwake, akarudisha mlango taratibu.