Aliyeiendesha Pontiac

Gari lilikuwa chini ya turubai tangu mzee Mubarak alipofariki, katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba yao ya Madinat Khalifa. Wesley Oloo alipita kando yake karibu kila siku bila kujua ni gari la aina gani. Yeye alikuwa dereva wa familia. Alimpeleka mjane wa mzee hospitalini na sokoni katika Land Cruiser jeupe, akalirudisha, akaliosha, basi. Kabla ya hapo, kwao Kondele, Kisumu, alikuwa fundi wa injini, lakini Doha hakuna aliyemwuliza alikuwa nani kabla ya kuja.

Ikawa hivyo mpaka Oktoba ya 2013, lori liliposhusha kreti kubwa ya mbao mbele ya banda. Jassim, mtoto wa pekee wa nyumba ile, alirudi kutoka ofisini kwake West Bay, akavua kanzu yake nyeupe, akavaa ovaroli mpya na kuvuta turubai.

"Unalijua hili?" aliuliza, zaidi kujifurahisha tu.

"Pontiac," Oloo akasema. "Ya sitini na saba au sitini na nane. Boneti hii siwezi kuisahau, niliiona kwenye gazeti nikiwa shuleni."

Jassim akamtazama kama mtu aliyegundua kwamba kabati la chumbani kwake lina mlango wa pili. Kuanzia siku ile walifanya kazi pamoja, kila jioni Jassim alipopata nafasi.

Injini ya zamani ilikuwa imekufa. Hewa ya chumvi na vumbi la miaka vilikuwa vimegandisha pistoni, na hata waliponing'iniza uzito wao wote kwenye spana, haikusogea. Jassim hakutaka kuifufua. Alitaka gari la baba yake libaki na umbo lake, lakini liweze kwenda hadi mji wa Al Khor na kurudi mwezi wa Agosti bila kuchemsha maji. Ndani ya kreti mlikuwa na injini ya kisasa ya silinda nane, nyepesi, ya aluminiamu, yenye kompyuta yake, pamoja na giaboksi mpya ya gia sita.

Walianza kwa kutoa viti. Oloo alipoinua kiti cha dereva alikuta kimewekewa vipande vinne vya mbao chini yake, vimekatwa vizuri na kupakwa mafuta. Akainama kutazama pedali. Kila moja ilikuwa imeongezewa kipande cha chuma, urefu wa vidole vinne hivi, ili iwe karibu zaidi na kiti.

"Baba yako alikuwa mfupi?" akauliza.

"Baba?" Jassim akacheka. "Baba alikuwa akiingia banda hili anainamisha kichwa."

"Basi aliyeliendesha hili gari si yeye. Au si yeye peke yake."

Jassim alifikiri kidogo. "Labda walikuwa na dereva. Kata tu, tunarudisha pedali zilivyotoka kiwandani."

Oloo akakata. Lakini vile vipande hakuvitupa. Alivigeuzageuza mkononi. Aliyevichomelea hakuwa fundi. Chuma kilikuwa na matuta kama uji ulioganda. Ila mtu huyo alikuwa ameketi akavipiga tupa kila ukingo mpaka vikawa laini kabisa. Fundi wa karakana hahangaiki hivyo kwa ajili ya dereva, kwani dereva huvaa viatu. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliyemwogopea mwenzake asijikwaruze mguu. Akaviweka ndani ya kisanduku chake cha vifaa.

Jambo lile lilimkaa kichwani wiki nzima. Akamwuliza Chebet, muuguzi kutoka Kapsabet aliyeajiriwa kumtunza mama wa Jassim tangu apasuliwe goti. Chebet alikuwa amezoea kuwaletea chai ya maziwa bandani na kusimama kidogo akiwatazama.

"Mama hajawahi kukuambia habari za dereva wa zamani?"

"Hapana. Lakini kila nikitoka hapa ananihoji kama polisi," Chebet akasema. "Wamefika wapi? Wametoa injini? Aki, jana ameniuliza swali la ajabu. Eti, gia ya pili bado inakataa ikiwa baridi? Mimi nitajuaje na hata baiskeli siendeshi?"

Oloo aliweka kikombe chini.

"Rudia. Amesema gia ya pili?"

"Ndiyo, ya pili. Kwani kuna nini?"

Giaboksi ya zamani ilikuwa sakafuni, na siku mbili kabla alikuwa ameifungua kwa udadisi tu. Meno ya kuingizia gia ya pili yalikuwa yamelika. Hilo mtu halijui kwa kukaa kiti cha abiria. Halijui mpaka mkono wake mwenyewe umesukuma ile fimbo, ukakataliwa.

"Chebet," akasema taratibu, "huyu mama ameliendesha hili gari."

Chebet alicheka mpaka akashika mlango. Umm Jassim, yaani mama Jassim, kama alivyoitwa nyumbani, ambaye alitaka mito miwili ndipo akae vizuri kwenye Land Cruiser, ambaye barabarani alikuwa akishika tasbihi wakipita mzunguko wa magari! Halafu kicheko kikamwisha. "Lakini ni mfupi," akasema.

Oloo hakumwambia Jassim. Kwanza, hakuwa na hakika. Pili, yalikuwa mambo ya mtu na mama yake, na yeye alikuwa dereva. Kazi iliendelea, nayo ilikuwa na vituko vya kutosha. Bakuli la oili la injini mpya liligonga chuma cha chasisi, ikabidi walibadilishe. Giaboksi mpya ilikuwa nene, wakakata sakafu na kuinua sehemu ya katikati. Oloo alikwenda mtaa wa Najma mara nyingi kutafuta mipira na vibano, akirudi na jasho na hadithi za wauza vipuri. Siku ya kuwasha, injini ilinguruma kwa muda mfupi ikazima, ikanguruma tena, ikazima. Walikagua nyaya zote, wakashuku kompyuta, mpaka Oloo akagundua kuwa yeye mwenyewe alikuwa amebadilisha mipira miwili ya mafuta, wa kwenda akaufanya wa kurudi. Jassim alimcheka siku nzima.

Ilikuwa asubuhi ya kliniki ya goti ndipo Oloo aliposhindwa kujizuia. Umm Jassim alikuwa kiti cha nyuma, Chebet kando yake. Walikuwa wamesimama kwenye taa.

"Mama," akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, macho mbele, "gia ya pili haitakataa tena. Tumeweka mpya."

Taa ikageuka kijani. Walikuwa wamefika mbali ndipo aliposikia kicheko, kidogo, cha puani.

"Ilikuwa inakataa asubuhi tu," Umm Jassim akasema. "Ukiibembeleza kupitia ya kwanza, inakubali. Mubarak hakuwa na subira nayo. Mimi nilikuwa nayo."

Kisha akaanza kueleza, nao wakasikiliza. Mume wake alimfundisha jangwani, majira ya baridi ya mwaka wa pili wa ndoa yao, walipopiga kambi mbali na watu. Miguu yake haikufika, hivyo mume akaazima mashine ya kuchomelea kutoka kwa jamaa yake na kutengeneza pedali mwenyewe, akaunguza mkono. Kila baridi walikwenda. Alikuwa akivua viatu. Jassim alipozaliwa, alilala kiti cha nyuma, mama yake akiendesha.

"Na Jassim hajui?" Chebet akauliza.

"Hajaniuliza. Watu huniuliza kama nimekunywa dawa." Akainama mbele kidogo. "Pedali zangu bado zipo?"

Oloo alihisi masikio yakimwaka. "Tulizikata, Mama. Lakini ninazo."

Jioni ile Umm Jassim aliingia bandani akitembelea fimbo, Chebet nyuma yake akiwa tayari kumdaka. Jassim alikuwa chini ya boneti. Alifungua mlango wa dereva, akageuza mwili kama alivyofundishwa baada ya upasuaji, akaketi. Akanyoosha miguu. Ilielea hewani.

"Yumma, unafanya nini?" Jassim akauliza.

"Nani alikwambia ukate?"

"Nikate nini?"

"Baba yako alikaa wiki nzima akipiga tupa," akasema, "wewe umekata kwa mashine."

Jassim alimtazama mama yake, akatazama pedali, akamtazama Oloo. Oloo alikuwa ameshafungua kisanduku chake. Alimpa vile vipande vya chuma. Jassim alivishika muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kingo, kisha akachuchumaa kando ya mlango ulio wazi, uso wake ukiwa chini ya uso wa mama yake.

"Niambie," akasema.

Oloo na Chebet wakatoka nje.

Kurudisha pedali hakukuwa kazi rahisi. Ya klachi na ya breki zilichomelewa vizuri, lakini ya mafuta sasa ilikuwa ya plastiki, yenye waya wa kwenda kwenye kompyuta, na haichomeleki. Oloo aliitengenezea bamba jipya, akalifunga kwa boliti, akalipiga tupa yeye mwenyewe. Daktari wa goti aliulizwa kwa ujanja: je, mgonjwa anaweza kukanyaga kitu? Akasema mazoezi ni mazuri. Na klachi mpya ilisukumwa kwa oili, laini kuliko ile ya zamani iliyotaka mguu wa mwanajeshi.

Ijumaa moja ya Februari, baada ya swala, walilipeleka gari jangwani kusini kwa trela, mahali penye ardhi ngumu na tambarare. Umm Jassim alivua viatu. Jassim aliketi kando yake, amefunga mkanda, mikono magotini. Gari likaruka mara moja, likazima. Likaruka tena, likazima.

"Haipigi kelele," mama akalalamika. "Nitajuaje kama iko hai?"

"Tazama mshale kwenye dashibodi, Yumma."

"Sitazami mshale. Nasikiliza."

Mara ya tatu liliondoka. Lilikwenda polepole, halafu si polepole, vumbi likainuka nyuma yake mpaka Oloo na Chebet wakaona paa tu likimetameta, kisha wasione chochote. Walisimama kando ya trela. Sauti ilififia. Chebet alikuwa akiomba kimoyomoyo kwa ajili ya goti, akageuka kumwuliza Oloo kama waende kutazama. Oloo akainua kidole. Alikuwa akihesabu mabadiliko ya gia kwa sikio: ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna iliyokwaruza.

Waliporudi, Jassim alishuka wa kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akicheka.

"Amenionyesha mahali walipokuwa wakipiga kambi," akasema. "Mimi nimepita hapo maisha yangu yote."

Umm Jassim aliteremsha kioo. "Injini ni nzuri," akasema. "Ina nguvu kuliko ile. Lakini haina hasira. Ile ilikuwa ukiikosea, inakwambia." Alifikiri kidogo. "Nitaizoea."

Kisha akamtazama Chebet, na Chebet akarudi nyuma hatua moja.

"Njoo."

"Mimi, Mama? Mimi sijui kabisa."

"Mimi nilijua?"

Jassim alimsaidia mama yake kuzunguka hadi kiti cha abiria, naye Oloo akamfungulia Chebet mlango wa dereva. Alimwonyesha klachi, breki, mafuta, akarudia, huku Chebet akitikisa kichwa kwa kila neno na kushika usukani kwa nguvu kama anayevuka mto. Gari lilirukaruka, likapiga chafya, likazima.

"Tena," Umm Jassim akasema.